Kichupa Kimoja kwa Zizi Zima

Pale kwenye kituo cha kupokelea maziwa walimwita Mama Kichupa, na yeye hakujali, alishaitwa mabaya zaidi. Alikuwa mtaalamu wa maabara ya mifugo, mwanamke wa makamo ambaye bega lake la kulia lilikaa chini kidogo kuliko la kushoto. Fahali mmoja aliyekataa kutolewa damu ndiye aliyelishusha. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akizunguka mazizini, anainua mkia wa ng'ombe, anachoma sindano, anaomba asipigwe teke, anahamia mkia mwingine.

Kisha idara ikakaukiwa. Dawa za kupimia zilipanda bei, gari likakaa juu ya mawe, na upimaji ukabaki kwa ng'ombe waliokwisha kufa. Na wakati huo virusi vilikuwa vikitambaa kimyakimya: ng'ombe wanatupa mimba, ndama wanazaliwa dhaifu, wafugaji wanalaumu majani na kuangaliana vibaya.

Mkuu wa idara ndiye aliyekuja na wazo. Maziwa ya zizi zima humiminwa kwenye pipa moja, alisema, na ng'ombe aliyewahi kuambukizwa huacha kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, ndani ya maziwa yake. Basi wachukue kichupa kimoja tu kwa kila pipa. Kikionyesha salama, zizi hilo liachwe lipumzike, na damu itolewe pale panapofuka moshi. Mama Kichupa alikubali kabla mkuu hajamaliza kueleza, maana siku hiyo bega lilikuwa linamuuma.

Ikawa kila asubuhi anasimama kituoni na kisanduku cha barafu, anachota kwa kata ndogo, anabandika alama. Mikono ilipata nafuu, lakini moyo haukupata, kwa sababu kichupa hakina aibu wala hakijui jamaa. Kabla mwezi haujaisha, sampuli iliyogeuka manjano kuliko zote, rangi ya kingamwili, ilikuwa ya wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa mjane aliyefuga ng'ombe nyuma ya machimbo ya mawe. Tangu siku ya harusi alimtania kwamba kaka yake hakuoa mke, alioa sindano. Alipoambiwa habari za pipa lake hakutania. Aliuliza kama kuna makosa, na akaambiwa watakwenda kupima ndama na mitamba, kwa kuwa maziwa huwasemea wanaokamuliwa tu.

Katika ugonjwa ule, mara nyingi anayeusambaza ni mnyama aliyeambukizwa tumboni mwa mama yake. Huweza kuonekana mzima kabisa, lakini hutoa virusi maisha yake yote, kwa pumzi, kwa mate, kwa mavi. Walipima vijana wote walioletwa. Damu ilisema hivi karibuni wote wamekutana na virusi, na hakuna hata mmoja anayevibeba. Mama Kichupa alirudia kipimo akitamani awe amekosea. Hakukosea. Yupo mnyama aliyekuwa akipumua pamoja nao, na siku ile hakuletwa.

Alirudi peke yake mchana, kwa miguu. Wifi alikuwa uani anasugua ndoo.

"Wifi, kuna mnyama hukumtoa."

Wifi aliendelea kusugua. "Umekuja kama wifi au kama serikali?"

"Nimekuja nimechoka. Chagua mwenyewe."

Brashi ikawekwa chini. Wakazunguka nyuma ya ghala, na pale, amefungwa kivulini, alikuwepo mtamba mwekundu, kanona, anang'aa, anaramba ukuta. Wifi alieleza polepole kwamba mama wa mtamba huyo alikufa akimzaa, wakati ule ule mume wake alipokuwa hajiwezi kitandani. Akawa anawalisha wote wawili, mmoja kwa kijiko na mwingine kwa chupa.

"Yule alikwenda," alisema. "Huyu ndiye aliyenifanya niamke asubuhi. Mtazame. Mgonjwa gani ananona hivi?"

Mama Kichupa alimwambia kwamba mnyama hana kosa wala hahisi kitu, ila ndama wa wenzake ndio wanaolipa. Wifi aliuliza dawa, akajibiwa hakuna. Akauliza kama haiwezekani amfunge palepale mpaka uzee wake. Akajibiwa kwamba virusi husafiri kwa ndoo, kwa kamba, kwa mikono inayomshika huyu kisha ikaenda kukamua. Wifi aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye kanga, kisha akamshika mtamba kichwa ili damu itolewe.

Kipimo kilimtaja, na baada ya wiki kadhaa kikarudiwa, kama sheria inavyotaka, kikamtaja tena. Muda wote huo wifi hakupokea simu. Lori la machinjio lilipofika, alimpandisha mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amvute. Mama Kichupa alitia saini karatasi juu ya boneti la lori na kuondoka bila kukaribishwa maji.

Mezani mumewe alimwambia angeweza kumwachia mwenzake ile kazi.

"Mwenzangu angekuwa mgeni pale," alijibu, akasogeza sahani. Hakuwa na njaa.

Msimu uliofuata ndama wa lile zizi walizaliwa na nguvu, isipokuwa mmoja aliyeguswa na virusi tumboni kabla mtamba hajaondoka, naye hakuishi. Wifi alianza kusema naye tena, kwanza kupitia kwa kaka yake, baadaye mwenyewe, ingawa utani haukurudi. Asubuhi moja alifika kituoni, akafungua pipa lake, akageukia pembeni wakati kata inazama.

"Bado manjano?"

"Bado. Maziwa hayasahau upesi. Ndiyo maana sasa napima damu ya ndama wachache tu. Ni safi."

Wifi alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema wale ndama ni watundu, wanaruka ua kila siku, na hana mtu wa kuwafukuza. Mama Kichupa alimwambia atapita Jumapili, wazirekebishe zile fito za ua. Nyuma yao foleni ilikuwa imeshaanza kunung'unika, naye akasuuza kata, akainama kwenye pipa lililofuata.