Kidonge Kipi Kwanza

Mama yangu alivunjika mgongo akigeuza pilau. Hakuanguka wala hakugongwa na gari. Alikuwa ameinama juu ya sufuria la shughuli, uani kwa watu huko Temeke, akaubinua wali wa chini uje juu kama alivyofanya miaka yote, na akasikia kitu kinalia ndani ya mgongo. "Kama ukuni mkavu," alituambia baadaye. Alimaliza kugeuza, akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko, ndipo akaomba kiti.

Katikati ya miaka ya tisini mama alikuwa mpishi wa kugombewa. Bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, watu wakawa wanaoza kwa fujo, na mwenye harusi alikuwa tayari kusogeza siku mbele ili ampate yeye. Adui yake alikuwa moshi. Alikuwa na pumu tangu usichana, na zamani ikimshika tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano, akalala huko siku mbili tatu huku shughuli zikimpita. Kisha maduka ya dawa ya watu binafsi yakaanza kuota kila mtaa. Muuzaji mmoja akampa vidonge vidogo vyeupe, prednisoloni, na kifua kikafunguka siku ileile. Tangu hapo akawa anavinunua kama anavyonunua chumvi, viwili kila asubuhi, vitatu siku ya kupika. Hakuna daktari aliyemwandikia. Aliendelea hivyo kwa karibu miaka saba.

Uso wake ukajaa, tukasema mama kanawiri. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba, ikichubuka kwa kuguswa tu, tukasema ni uzee, ingawa sitini alikuwa hajafika.

Mie nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimerudi kuishi naye baada ya ndoa yangu kuvunjika. Kwa hiyo ni mimi niliyempeleka kupiga picha ya mgongo, na ni mimi niliyeibeba ile picha hadi kwa daktari mmoja aliyekuwa amefungua kliniki yake si mbali na kwetu. Alikuwa mtu wa Kusini, bado kijana, hajarudi siku nyingi kutoka masomoni. Alimwamkia mama shikamoo, akaibandika picha dirishani kwenye mwanga wa jua, akaitazama.

"Mama, pingili moja imebonyea," alisema. "Hii hapa. Ya juu yake nayo imeanza kulainika. Mifupa yako imekuwa myepesi kuliko umri wako. Kuna dawa unayotumia muda mrefu?"

Mama akafungua pochi, akamwonyesha vidonge.

Daktari alivigeuza mkononi. "Hivi vinasaidia pumu, sikatai. Lakini ukivila miaka, vinakula mifupa."

Ndilo neno nililoondoka nalo. Alisema na mengine mengi siku ile: kwamba turudi Jumatatu na karatasi za hospitali za zamani, kwamba tusibadilishe chochote kabla ya hapo. Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Kichwani mwangu yalikuwa yamebaki maneno mawili tu, vinakula mifupa. Tulipofika nyumbani nilikusanya vidonge vyote, vya pochini, vya kabatini, na vile alivyovificha kwenye kopo la iliki, nikavimwaga chooni. Mama alisimama mlangoni, ameshika kiuno.

"Na kifua kikinibana?"

"Kikikubana tutakwenda hospitali, kama zamani."

Hakubishana. Alikuwa na maumivu, na mie nilikuwa ndiye msomi wa nyumba.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa alisema amechoka. Jumamosi hakula, chakula kilimchefua. Jumapili asubuhi alikwenda uani kunawa, nikasikia birika linaanguka, nikamkuta kalala chini, jasho baridi, macho wazi lakini hanijibu. Kifua chake hakikuwa kinabana hata kidogo, na hicho ndicho kilichonichanganya. Majirani walinisaidia kumwingiza kwenye teksi. Hospitali walimtundikia maji, wakaniuliza anatumia dawa gani, na nikajibu, "Hatumii kitu." Lilikuwa jibu la kweli kwa siku tatu tu.

Nilimpigia simu daktari wetu kutoka ofisi ya wauguzi. Alikuja mwenyewe, ingawa hakuwa na kazi pale, akazungumza na wenzake, na mama akachomwa sindano ya dawa ya jamii ileile niliyoitupa. Kufika adhuhuri alikuwa ameketi, anaomba chai.

Daktari aliniita koridoni.

"Nani alimwachisha?"

"Mimi."

Nilitegemea anigombeze. Aliegemea ukuta akaanza kunieleza taratibu, kama mtu aliyekosea naye kwa kutokueleza mara ya kwanza. Alisema mwili una kiwanda chake kinachotengeneza dawa kama ile, kidogokidogo, kila siku. Ukiuletea ya dukani miaka saba, kiwanda kinafungwa. "Wafanyakazi wamepigwa ridandasi, mwalimu. Wewe umezuia mzigo wa nje ghafla, na kiwandani hakuna mtu. Lazima tupunguze polepole, ili waanze kurudi kazini mmojammoja."

Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepunguzwa kazi miaka ile. Nilimwelewa.

Nilimwomba mama radhi jioni hiyo, wodini. Aliniangalia sana, akasema, "Ulitaka kuniokoa. Ila siku nyingine uliza kwanza." Halafu akaniagiza nimletee kanga safi. Nililia ngazini nikishuka.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda kwa mpangilio, na daktari alitaka tuujue sababu yake, si kuufuata tu. Tulikaa kliniki kwake saa nzima, sie watatu.

"Tatizo la kwanza si mifupa," alisema. "Ni pumzi. Tukipata njia nyingine ya kutuliza pumu, ndipo tutaweza kupunguza hivi vidonge, na tukivipunguza, mifupa itaacha kuliwa. Nikikupa dawa kali ya mifupa leo, huku bado unakula vitatu siku ya harusi, natia maji kwenye ndoo iliyotoboka."

Akampa pampu ya kuvuta, asubuhi na jioni, asukutue mdomo kila akimaliza. Mama aliidharau kwa sababu haikumfungua papo hapo. Ilichukua wiki tatu kuamini. Prednisoloni ikashuka kwa nusu kidonge kila baada ya miezi kadhaa, na kila iliposhuka viungo vilimuuma, akanuna, kisha akazoea. Pamoja na hayo akaanza kalsiamu na vitamini D. Daktari alisema mfupa hauwezi kujengwa bila udongo, na dawa nyingine zikitangulia kabla ya hizo zinaweza kumletea ganzi na mikazo ya misuli. Mama alizaliwa pwani, jua analo la kutosha, lakini miaka yote alikuwa jikoni au chini ya turubai la shughuli. Akaamriwa pia kuketi juani asubuhi, mikono wazi. Hiyo ndiyo dawa pekee aliyoipenda tangu siku ya kwanza.

Miezi mitatu ilipopita tukarudi kuchagua dawa ya mifupa yenyewe. Nilikwenda na daftari.

Kulikuwa na homoni za kike, ambazo wanawake wengi waliokoma hedhi walikuwa wakipewa huko nje. Daktari aliuliza kama mama aliwahi kuvimba mguu. Alikuwa amewahi: baada ya kunizaa mie, kitinda mimba, damu iliganda mguuni, akalazwa mwezi. Daktari akazifuta, kwa kuwa zingeweza kuigandisha damu tena. Kulikuwa na sindano ya kupunguza maumivu na kuzuia mfupa usimomonyoke, lakini ilitaka kukaa kwenye baridi, na kwetu umeme ulikuwa wa mgao, friji tuliigeuza kabati la vyombo. Nayo akaifuta. Vikabaki vidonge vya aina mbili, na alitaka tuanze na vipya zaidi, alendronati, kwa sababu alivisomea na aliviamini. Dar havikupatikana kirahisi. Binamu yangu anayeishi Maskati alivipata kwa karatasi ya daktari, akampa msafiri atuletee.

Masharti yake yalikuwa magumu kuliko dawa yenyewe. Kidonge kimoja kila alfajiri, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa bila kula, bila chai, na bila kulala, kisije kikapanda na kuunguza njia ya chakula. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Mgongo wake uliuma zaidi asubuhi kuliko wakati wowote. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwegemeza mito, nikaenda kujiandaa kwa shule. Alisubiri nitoke, akarudi kitandani. Wiki ya pili akaanza kulalamika kifua kinawaka. Wiki ya tatu hakuweza kumeza ugali bila kufumba macho.

"Unalala baada ya kumeza, mama?" daktari alimuuliza.

"Najinyoosha tu."

Daktari alimsimamisha dawa siku hiyohiyo. Nilidhani atamlaumu. Badala yake alimuuliza siku yake inakwendaje, kuanzia anapoamka: anaswali saa ngapi, anakunywa chai saa ngapi, mgongo unapoa saa ngapi, anafunga au hafungi.

"Nafunga," mama alisema. "Hilo usiliguse."

"Siligusi. Nataka kulijua tu."

Basi akahamia kwenye dawa ya zamani zaidi, etidronati. Hii haikunywewa kila siku. Ilikuwa wiki mbili tu, kidonge kimoja katikati ya asubuhi, saa mbili baada ya chakula na saa mbili kabla ya kingine, wakati mgongo umeshalegea na yeye yuko wima akizunguka uani. Katika wiki hizo mbili kalsiamu ilihamishiwa usiku, kwa sababu vikikutana tumboni kalsiamu inaikamata dawa isifanye kazi, na maziwa vilevile. Kisha miezi miwili na nusu ya kalsiamu peke yake, halafu duru nyingine. Daktari alisema ikizidishwa hii inaweza yenyewe kuulainisha mfupa, kwa hiyo mapumziko nayo ni sehemu ya dawa. "Na duru tutaipanga," akaongeza, "ili wiki zako mbili zisiangukie Ramadhani."

Mama alinigeukia. "Umesikia? Huyu kauliza kwanza."

Nilitundika kalenda ukutani jikoni. Wiki za kidonge nilizizungushia kalamu nyekundu, tarehe za kupunguza prednisoloni buluu. Mama hakuwa msomaji sana, ila rangi alizijua, na mara mbili alinisahihisha mimi.

Nisiseme kwamba alipona. Mgongo haukunyooka, alibaki mfupi kwa upana wa vidole vitatu kuliko alivyokuwa, na magauni yake yote tuliyapandisha pindo. Mashine ya kupima uzito wa mifupa tuliambiwa ipo nchi za watu, kwa hiyo hatukuwahi kujua kwa hesabu kama umeongezeka. Tulichojua ni kwamba mwaka ukapita, na wa pili, akajikwaa kizingitini mara moja akaangukia mkono, tukakimbilia picha kwa hofu, na mkono ulikuwa mzima. Daktari alicheka kwa furaha, mara ya kwanza kumwona akicheka. Prednisoloni ilikuwa imebaki kidonge kimoja cha miligramu tano, na kabla ya mwaka wa tatu kwisha ikaisha kabisa. Uso wake wa zamani ukarudi, mwembamba, wenye mashavu yaliyobonyea kidogo. Shangazi yangu alipomwona alisema kakonda, ana nini? Mama akamwambia huu ndio uso wangu, ule mwingine ulikuwa wa dawa.

Kupika hakuacha. Aliacha kuinama. Waliomtaka walimpelekea kiti chenye egemeo, wakakiweka upande ambao moshi hauendi, naye akawaongoza wanawake watatu wenye nguvu kwa sauti tu: punguza moto, ongeza tui la nazi, usiguse hiyo bado. Wengine walisema pilau lake si lile la zamani, kwa kuwa mkono si wake. Yeye mwenyewe alisema hivyo. Siku ya harusi ya mpwa wangu alinyanyuka kitini, akamnyang'anya dada mmoja mwiko, akageuza mara mbili huku mgongo kaunyoosha kama askari, kisha akaurudisha mwiko na kuketi. Aliniona namtazama.

"Nimenyooka," alisema. "Hukuona?"