Daftari Lililokwenda Tangini

Kazi yangu ni karatasi zilizokwisha kazi. Kiwanda chetu ni kidogo, kipo hapa Mbeya, mwendo wa miguu kutoka mtaa wa Soweto ninakoishi, na kinatengeneza kadibodi ya kijivu, ile inayokuwa boksi la viatu au jalada la faili. Hatukati mti hata mmoja. Misonobari tumewaachia wenzetu wa kiwanda kikubwa cha Mufindi. Sisi tunapokea walichokwisha kutumia wengine: magazeti, maboksi ya biskuti, mitihani ya mwaka juzi, mifuko ya saruji iliyokung'utwa. Vyote vinachambuliwa kwa mkono, vinatupwa kwenye tangi la kukorogea, vinageuka uji, na uji ule unatandazwa, unakamuliwa na kuanikwa juani.

Mimi ni msimamizi wa banda la kuchambulia. Nina amri moja, niliyoirithi kwa mama mmoja aliyenifundisha kazi, na nimeipigia kelele miaka mingi hadi wafanyakazi wananiigiza nikigeuka: usisome. Mtu mpya anasoma kila kitu. Akikuta barua ya mapenzi anaita wenzake. Akikuta matokeo ya mtihani ya mtu asiyemjua anaanza kumhurumia, na robota limekaa pale pale. Mchambuaji hodari anaijua karatasi kwa vidole. Ya ofisini inalia ikikunjwa, ya gazeti imelegea, yenye nta inateleza. Daftari nalo lina mwendo wake: unavuta jalada, unang'oa pini mbili, majani unayarusha kwenye lundo jeupe na jalada kwenye lundo la rangi. Mimi niliweza kufanya hivyo huku nikimwangalia mtu usoni na kumgombeza. Nilijivuna sana kwa hilo.

Mama yangu aliishi Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini, pamoja na dada yangu. Dada aliachishwa shule akiwa darasa la pili ili anibebe mgongoni, mama apate kwenda shamba. Mimi nikasoma, yeye hakurudi tena darasani, hata kusoma hakujua. Hakuwahi kunilaumu, nami sikuwahi kumshukuru. Mambo yetu yalikuwa hivyo tu.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Kalenga kumchukua mama aje kuishi kwangu. Nilikuwa nimeshaweka kitanda, blanketi zito la baridi ya Mbeya, hata kigoda cha kukalia juani. Akakataa. Akasema nani atamwagilia bustani zake za bondeni. Nikabembeleza, akakataa. Nikapandisha sauti, akaendelea kumenya maboga. Hasira zangu mimi ni za moto wa mabua, zinawaka upesi na zinaunguza aliye karibu. Nikamwambia mbele ya majirani, "Basi ukiugua usinitafute."

Mama alinitazama, akasema, "Sawa, baba."

Nilirudi Mbeya nikijua kabisa kwamba nimekosea. Nilijua tangu nashuka kule Ipogolo kusubiri basi. Lakini nina kichwa kigumu. Nilituma salamu kwa dada, nikatuma sukari na sabuni, nikatuma kila kitu isipokuwa neno moja la kuomba radhi. Nilijiambia kwamba mama anajua ni hasira tu. Labda alijua. Labda alijua akaamua kunitii hivyo hivyo, maana alipougua hakunitafuta. Alimkataza na dada asinipigie. "Kasema asitafutwe," alimwambia. Mjomba ndiye aliyenipigia simu, na alinipigia kunipa habari za msiba.

Sitaeleza mazishi. Nitaeleza siku ya kugawa vitu. Kwetu, ndugu hukaa chini wakagawana alivyoacha marehemu: vitenge kwa huyu, jembe kwa yule, chungu kwa mke wa fulani. Makorokoro yasiyo na mwenyewe huchomwa nyuma ya nyumba. Mvunguni mwa kitanda cha mama kilitoka kiroba cha makaratasi: kadi za kliniki, kalenda za zamani, madaftari ya wajukuu yaliyochanika, vibahasha vya kanisani. Mjomba akakibeba kukipeleka motoni.

Sasa hapo ndipo ukichaa wa kazi yangu uliponishika. Sisi watu wa kiwanda cha karatasi hatuwezi kuona karatasi inachomwa. Inatuuma kama mkulima anayeona mahindi yanamwagwa barabarani. Nikasema, "Hapana, mjomba, hiyo ni mali. Nipe mimi." Watu wakacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Mjomba akasema, "Haya, mwachieni mtu wa makaratasi urithi wake." Dada hakucheka. Alinitazama tu, akatikisa kichwa kukubali, nami nikadhani ni uchovu.

Nilifika kiwandani tumepungukiwa karatasi nyeupe, tangi linasubiri. Nikamimina kiroba cha mama juu ya meza ya kuchambulia. Ningeweza kukiweka kando. Ningeweza kuketi na kutazama kimoja kimoja kama binadamu wengine wanavyofanya. Sikutaka. Niliogopa kuona kadi yake ya hospitali, niliogopa kuona tarehe alizokuwa anakwenda kutibiwa huku mimi sijui. Kwa hiyo nikafanya ninachojua: nikachambua, vidole mbele, macho mbali. Nakumbuka daftari moja dogo lisilochanika, jalada lake lina doa la mafuta. Majani yake yalinipita mkononi na nikaona herufi kubwa za penseli, zimepinda, zinapanda juu ya mstari na kushuka. Nikajisemea, mjukuu gani huyu wa darasa la kwanza. Nikavuta jalada, nikang'oa pini mbili, nikarusha.

Siku ya nne dada akanipigia simu mchana, saa ya chakula.

"Kamwene, mdogo wangu."

"Kamwene, dada."

"Umeshasoma?"

"Nisome nini?"

Kisha akasema taratibu, "Daftari la mama. Si alikuandikia? Kutwa alikuwa anakwenda kwa yule jirani, mwalimu mstaafu, anafundishwa kusoma na kuandika. Uzee ule! Alisema mtoto kakataza kutafutwa, hakukataza kuandikiwa. Akaniambia ni lako, nisilishike. Na mimi hata nikilishika naona nini? Nilipoona umemzuia mjomba asichome, nikajua mama amekuonesha njia mwenyewe."

Nilimjibu kwamba bado sijamaliza kusoma. Huo ndio uongo wa kwanza.

Nikakimbilia tangini, kana kwamba tangi la kukorogea linangoja mtu siku nne. Uji wa siku ile ulikuwa umeshakuwa kadibodi, imeanikwa kwenye waya nyuma ya kiwanda. Nilipita kwenye kila ubao wa kadibodi nikiinama. Kadibodi ya namna yetu huwa na chembe za maandishi yaliyogoma kuyeyuka. Utaona jicho la mtu wa gazetini, utaona nusu ya tarakimu. Ya penseli huyeyuka yote. Nilijua hivyo, nimefanya kazi hii zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado nilipita ubao kwa ubao, wafanyakazi wananitazama. Mmoja akauliza, "Bosi, unasoma?" Alikuwa anatania tu, maskini. Nilikwenda kukaa nyuma ya marobota nikalia, kilio cha mtu mzima kisicho na heshima, cha makamasi.

Nilichopata ni jalada. Majalada ya rangi hayakorogwi siku moja na nyeupe, yalikuwa bado kwenye lundo lake. Nililijua kwa doa la mafuta ya alizeti. Nyuma kulikuwa na jedwali la kuzidisha, mbele mistari ile ya kujaza: jina, shule, darasa, somo. Kwenye mstari wa jina, mahali ambapo mwanafunzi huandika jina lake, mama alikuwa ameandika langu. Kwingine kote hakujaza.

Ilipokaribia arobaini nilikwenda Kalenga. Kabla sijafika nyumbani nilipitia kwa mwalimu mstaafu, nikamwuliza mama aliandika nini. Akaniambia hajui. Alimfundisha herufi na silabi tu. Kila alipokaribia, mama alifunika ukurasa kwa kiganja.

"Aliwahi kunitaka msaada wa neno moja tu," alisema. "Alitaka kujua 'usinitafute' inaandikwaje. Nikamwandikia pembeni, akanakili."

Nilisimama mbele ya yule mzee nikiwa sina pa kuweka mikono. Nimelizungusha jambo hilo kichwani tangu siku ile. Huenda aliandika: uliniambia usinitafute, nami nimekusamehe. Huenda aliandika: uliniambia usinitafute, basi na wewe usinitafute. Yote mawili yanaandikika kwa penseli, na mama yangu aliweza kusema lolote kati ya hayo.

Kwa dada nilikwenda na daftari. Ndiyo, nilikuwa nalo. Nilinunua jipya lenye ukubwa ule ule, nikalivua jalada, nikalivalisha la mama, nikarudisha pini mbili kwenye matundu yale yale. Kwa kazi ya mkono mimi ni fundi. Majani yalikuwa matupu kabisa; mwandiko wa mama sikuthubutu kuughushi. Wiki mbili nilikuwa nimetunga maneno, nikayakariri nikitembea kutoka Soweto hadi kiwandani, nikipunguza hapa na kuongeza pale ili yafanane na mdomo wa mama.

Dada alikuwa ameinjika kande. Alipoliona daftari alifuta mikono, akagusa doa la mafuta kwa kidole, akakaa karibu yangu kwenye mkeka, mguu wake ukigusa wangu kama tulipokuwa watoto. "Soma," akasema. "Soma polepole."

Nikasoma. Nililiinua daftari jalada likimwelekea yeye, nikapitisha kidole kwenye mistari mitupu na kusoma. Mwanangu, yale maneno yalikuwa ya hasira, najua. Mwanangu, nami nilikuwa mkaidi, ukaidi wako umetoka kwangu. Blanketi uliloniwekea mpe mtu mwenye baridi. Nimekusamehe tangu siku ile ile, kabla basi lako halijaondoka Ipogolo. Nilifungua ukurasa, nikaendelea. Nilisoma vizuri sana. Kuna mahali sauti ilinikatika kweli, maana nilikuwa nayasikia maneno niliyoyataka kuliko kitu chochote duniani, na nilikuwa najisemea mwenyewe.

Dada alikuwa analia bila sauti. Nilipofunga daftari alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na mimi je?" akauliza. "Mimi hajanitaja?"

Katika kurasa zote zile nilizotunga, huyu aliyemwogesha mama, aliyemlisha uji kwa kijiko, aliyemfumba macho, sikumtia hata mahali pamoja. Halikunijia. Wiki mbili nilikuwa nashughulika na msamaha wangu. Nikafungua daftari tena upesi, nikatafuta ukurasa kana kwamba kuna wa kutafuta, nikafungua na kinywa. Nilichelewa pumzi moja tu, lakini dada alikuwa ananitazama usoni, sio kwenye karatasi.

"Si neno," alisema. "Alikuwa anachoka upesi. Na yako yalikuwa mengi."

Akalichukua daftari mikononi mwangu taratibu, akalifunga, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaenda kulilaza ndani ya sanduku lake, chini ya vitenge vya mama. Kisha akarudi kuangalia kande kama zimeiva.