Mashavu ya Bibi wa Kalenda

Bizimana, mchora mabango wa Nyamiaga, alichoka kuchora sabuni na simu kwenye kuta za maduka. Akaamua kujifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi ya mafuta, akiiga picha ya kale ya bibi wa Kizungu aliyoikuta kwenye kalenda ya kanisani. Na kuiga, kwake, ni kuiga kila kitu. Rangi ya picha ile ilikuwa imepasukapasuka kwa uzee, naye akadhani ndiyo ngozi ya bibi. Akachora kila ufa kwa ncha ya unyoya wa kuku. Siku nne nzima! Uso ukatoka kama shamba la Bukiriro kiangazi cha mwezi wa nane.

Mama yake, Eustakia, akaja kutazama.

"We Bizimana, huna hata huruma? Bibi wa watu kapauka hivi, na mafuta yamo ndani!"

Kabla hajajibiwa, alishachovya vidole kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, akamsugua bibi shavu la kulia. Rangi ilikuwa bado mbichi. Bizimana akapiga yowe.

Kisha akainama kutazama. Nyufa zimetoweka, shavu limelainika, na bibi, kwa mara ya kwanza, anaonekana anapumua.

"Mama," akasema taratibu, "na la kushoto."