Kahawa Juu ya Jeraha

Niliambiwa nikaombe msamaha. Mimi! Mpaka leo nikikumbuka, napandwa na hasira upya.

Ilikuwa sikukuu ya pili ya Idi Kubwa, nyumbani kwa mama, mtaa wa Mawaleh. Kwetu siku hiyo ni ya mishikaki, na nyama tunaikata wenyewe, wanawake wote jikoni, kila mmoja na kisu chake na maneno yake. Mdogo wangu wa kike alikuwa akitenganisha nyama na mfupa huku akicheka. Kisu kikateleza, kikamwingia mkononi, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama kitu cha mtu mwengine, na damu ilikuwa haitiririki, inaruka.

Skulini ninakosomesha, Ghubra, tulifunzwa huduma ya kwanza. Nilimlaza sakafuni, nikanyakua taulo safi, nikalikandamiza pale penye jeraha kwa uzito wangu wote. Mume wangu akapiga simu ya ambulensi. Tulichofunzwa si kigumu: bonyeza pale pale inapotoka damu, usiachie, usifunue kutazama. Taulo likilowa, ongeza jengine juu yake.

Damu ikaanza kupungua. Ndipo akaja khala, dada mkubwa wa mama, na kopo la unga wa kahawa.

"Toa mkono mwanangu, nitie kahawa."

"Sitoi, khala. Damu ndo kwanza inashika."

"Sie tumekulia dawa hii. Unanfunza mie?"

Kwetu mkubwa akisema toa, unatoa. Mimi sikutoa. Mama ndiye aliyenivuta mkono, kwa kumstahi dada yake. Taulo likafunuka, kahawa ikamwagwa, na damu ikaruka upya ikaichukua kahawa yote mpaka kwenye vigae. Nikalirudisha taulo, nikabonyeza tena kwa ghadhabu. Midomo ya mdogo wangu ilikuwa imepauka.

"Ntakufa?" akaniuliza.

"Hufi," nikamwambia, wala sikuwa na hakika.

Ambulensi ikafika. Ungedhani yamekwisha. Khala akaja na abaya! Nje kuna wanaume, eti, mtoto hatolewi mikono wazi, na akaanza kuulazimisha mkono ule ule uliokatika uingie kwenye abaya. Nikapiga ukelele: "Khala, ondoka! Utamuua!"

Watu wa ambulensi wakamtoa amefunikwa shuka, na ilimsitiri vizuri tu.

Hospitali, huko Bawshar, ilibidi kwanza waioshe kahawa kwenye jeraha ndipo waushone mshipa. Daktari akauliza nani kaitia. Nikamtazama mama. Mama akatazama viatu vyake.

Mdogo wangu akapona. Na ukoo ulizungumza nini? Kwamba nimemkemea khala mbele ya watu. Simu juu ya simu. Kwamba mtoto wa watu nusura afe sakafuni, hakuna aliyelitaja. Mdomo wangu ndio uliokuwa msiba. Na khala mwenyewe akiwahadithia wageni kuwa kahawa yake ndiyo iliyozuia damu!

Mwishowe mama akalia, nikasema haya, nitakwenda kwa khala kuomba msamaha. Mdogo wangu akang'ang'ania kunifuata, mkono ungali kwenye bandeji. Khala akatupokea, akatumiminia kahawa, akakaa akiningoja. Nikafungua kinywa. Mdogo wangu akanitangulia.

"Khala, damu ilikuwa yangu," akasema taratibu. "Msamaha niombwe mie."

Khala akaiweka dele ya kahawa chini. Akanyoosha mkono mpaka kwenye bandeji, na wangu ukawa ushafika kumzuia. Lakini hakuifunua. Aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo, machozi yakimtoka.

Kahawa yake niliinywa. Msamaha sikuomba.