Nilisema "beupe" nikimaanisha chembe za damu, wao wakasikia wazungu

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Kwa umri wangu, humu ndani karibu wote mnaweza kuniita babu. Kudanganya kutanisaidia nini? Haya niliyaona mwenyewe, na kosa lililomo ni la mdomo wangu mwenyewe.

Kiswahili changu ni cha Katanga. Mkikuta "bantu" na "mutoto" msinisahihishe, maana uzi wote umesimama hapo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji bado unaitwa Élisabethville. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msaidizi wa laboratoire, yaani maabara, katika hospitali ya watu weusi. Wazungu walikuwa na yao, upande mwingine wa mji, yenye mapazia. Kazi yangu kuosha vioo, kupima damu, na kumtafsiria daktari, mzungu aliyejua Kiswahili cha kuagiza chai tu.

Na nilikuwa najidai, niwaambie ukweli. Blouse nyeupe, lile koti la hospitali, imepigwa pasi, kalamu mfukoni. Mtaani walikuwa wananiita docta, na mimi nilikuwa naitika.

Siku moja asubuhi akaletwa Monika. Amejifungua, mtoto mzima, lakini mama damu inamtoka tu. Daktari akafaulu kuisimamisha, ila iliyobaki mwilini ilikuwa kidogo mno. Midomo imekuwa ya kijivu. Daktari akasema bila damu ya mtu mwingine hafiki jioni.

Mume wake, Donati, mtu wa Mitwaba, fundi wa reli, akakunja mkono wa shati papo hapo. Nikampima. Haikupatana na ya mke wake. Akabaki ndugu mmoja tu, kaka wa Monika, Paskali, mchimbaji wa mgodi wa Kipushi. Nikampima naye. Ikapatana sawasawa.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Wakati ule mtaani kulikuwa na habari kwamba wazungu wanakamata watu kuwatoa damu. Watu wazima walikuwa wanaiamini, na Paskali alikuwa mmoja wao. Akataka kwanza aelezwe: mu damu muko nini mpaka mnaitaka?

Daktari akaanza kwa Kifaransa: globules rouges, globules blancs, plaquettes, plasma. Akanigeukia nitafsiri.

Wakuu, "globule" kwa Kiswahili cha kwetu ni nini? Sikujua. Na docta mzima hawezi kusema sijui. Nikajibu haraka haraka: "Mu damu yako muko bekundu na beupe. Bekundu banabeba hewa. Beupe banapigana vita."

Kwetu ukianza neno na ba- au be- namna hiyo, unasema watu. Beupe ni watu weupe. Basi.

Paskali akanitazama. Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo.

"Kumbe bazungu beko mpaka mu damu yetu," akasema. "Na banapigana. Mi nakatala."

Akatoka nje. Donati akakaa chini sakafuni, akafunika uso. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Yule mama alikuwa anakwenda kufa kwa sababu ya herufi mbili, na herufi zenyewe zangu.

Nikakimbilia laboratoire. Kwenye kibao kulikuwa na kioo chembamba cha damu iliyosimama tangu alfajiri, imetiwa dawa isigande. Ilikuwa damu yangu. Sisi wasaidizi tulikuwa tunajifunza kutoa damu kwenye mikono yetu wenyewe. Nikamfuata Paskali uani.

"Yaya," nikamwambia, maana kwetu ndivyo unavyomwita mkubwa wako, "ile nilisema mubaya. Haiko bantu. Iko tuntu. Tuntu tudogo, jicho haitwoni." Kwetu tu- ni vitu vidogo, si watu.

Akasimama.

"Munkoyo ikilala mu chungu, inafanya nini?"

Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi, hakuna asiyekijua.

"Nzito inashuka chini," akajibu.

"Basi angalia. Hii iko damu yangu."

Nikamwonyesha. Juu maji ya njano: hayo yanabeba chakula na chumvi, yanazungusha vyote mwilini. Chini nyekundu nzito: tuntu twekundu, tunachukua hewa kwenye mapafu na kuipeleka mpaka kwenye vidole. Katikati kamstari keupe, kembamba kama uzi: tuntu tweupe, ugonjwa ukiingia tunaushambulia. Na humo humo tuko twingine tudogo zaidi. Ukikatwa na jiwe kule mgodini, tunakimbia kuziba tundu.

"Dada yako, tule twekundu tumemwagika," nikamwambia. "Anavuta hewa, lakini hakuna twa kuibeba."

Akageuza kile kioo juani. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na ya muzungu, ukiisimamisha, inalala hivi hivi?"

Daktari alikuwa ametufuata, amesimama mlangoni. Nikamtafsiria lile swali neno kwa neno, bila kulipunguza. Mtu mweusi wa enzi hizo hakuwa anauliza maswali kama hayo.

Mzungu akakitazama kile kioo. Halafu akasema: "Oui. Pareille."

"Anasema iko sawa," nikamwambia Paskali.

"Nimesikia," akajibu, akakunja mkono wa shati.

Kabla ya saa kumi midomo ya Monika ilikuwa na rangi. Akaomba uji, akaomba mtoto wake.

Wakuu, nimefanya kazi hospitali maisha yangu yote, nimepata mpaka medali. Lakini ukiniuliza najivunia nini, ni ile siku niliyorudi uani kukiri nimesema vibaya. Kifaransa cha damu nilikuwa nakijua vizuri sana. Kwa kaka yake Monika kilikuwa hakina kazi.

Vijana mliosoma, naona mnaandika chembe, seli, sijui nini. Haya, niambieni, kwenu mnaziitaje? Ila kabla hujaandika, fikiria kaka wa mgonjwa amesimama mbele yako, na wewe una sentensi moja tu.