Kitufe Alichokitafuta Bi Somoe

Nakiri mwenyewe kabla watu wa Mandawa hawajawasimulia. Nilijifundisha kutengeneza programu za simu nikiwa nyumbani Nachingwea, na kikundi cha wakulima wa korosho wa Mandawa kikanipa kazi: programu ya kuombea zamu ya pampu ya kupulizia dawa. Nilipima kila ukurasa kama fundi wa milango, kisha nikaufunga usisogee juu wala chini, uzuri wake usiharibike.

Katika kikundi kizima, Bi Somoe peke yake alishindwa kuthibitisha zamu. Pampu ikampita mara mbili, ukungu wa ubwiriunga ukaanza kula maua ya mikorosho yake. Akalalamika kwamba kitufe cha kuthibitisha hakipo. Nikamjibu kwa sauti kwenye grupu la simu, wote wakisikia: "Kipo chini, bibi. Ukishindwa, muite mjukuu."

Juzi nilikwenda kumwonyesha mbele ya wenzake. Kushika simu yake, nikakuta amekuza maandishi kwa sababu ya macho, na maneno yamekisukuma kitufe nje ya kioo. Nikavuta ukurasa juu. Haukusogea. Nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

"Bonyeza basi, fundi," akasema.

Nikaendelea kupapasa kioo.

"Au tukuitie mjukuu?"