Vyuma vya Kornelio

Wapo watu hapa Lukozi wanaosema Kornelio Shemweta alianzisha jimu ili vijana wapate vifua vya kujazia mashati. Nikiwasikia natamani kuwarushia jembe. Mimi Efrazia nilikuwepo, na nitasema yalivyokuwa, pamoja na sehemu yangu, ambayo hainipi sifa yoyote.

Kornelio alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha mbao cha serikali, juu huko msituni. Mwaka tisini na tatu kikauzwa. Wafanyakazi walisomewa barua wakiwa wamesimama kwenye mvua, wakaambiwa huu ni wakati wa soko huria, kila mtu ajitegemee. Mashine zilifunguliwa zikapakiwa kwenye malori. Yeye alirudi nyumbani na ekseli moja ya toroli la magogo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Miezi mitatu aliketi mlangoni akiitazama tu. Mkewe, Yusta, aliniambia alikuwa anaogopa hata kwenda kisimani akamwacha peke yake.

Siku moja akaamka, akakoroga saruji, akaimimina kwenye makopo ya rangi. Saruji ilipokauka alibeba vipande kimoja kimoja hadi zahanati, akavipima kwenye mizani ya watoto. Nesi alimfukuza mara mbili. Mara ya tatu alichoka naye akamwacha apime. Kila kipande kikaandikwa kilo zake kwa rangi nyekundu, kikapelekwa kwenye ghala la ushirika pamoja na ekseli ya kuvitundika. Ushirika ulikuwa umekufa, na ghalani walibaki panya.

Wa kwanza kuja walikuwa makuli, wale wanaopakia viazi na kabichi kwenye malori ya Dar na Tanga. Kisha nikaja mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimevaa suruali ya mtumba chini ya khanga. Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha njiani akaniuliza kama sioni aibu. Nilimjibu kwamba siku atakayonibebea kabichi kutoka bondeni ndiyo siku nitakayoiacha hiyo suruali. Hakunisimamisha tena.

Tulifanya mazoezi asubuhi, mara tatu kwa wiki, na Kornelio alikuwa na sharti moja tu: mmoja akishusha, wote wanashusha. Tulinyanyua kwa pamoja, watu ishirini na zaidi, wenye vyuma na wenye mawe, na mtu akishindwa kila mmoja aliweka chini alichoshika, akangoja hadi mwenzake awe tayari. Mwezi wa kwanza aliyeshindwa nilikuwa mimi, kila siku mimi. Nililia kwa hasira. Kuli mmoja aitwaye Sharifu, baba wa mapacha, alikuja akasimama mbele yangu akahesabu polepole mpaka nikanyanyua. Sikuwahi kungojwa na mtu yeyote maishani mwangu. Nilizoea kuambiwa niharakishe.

Kufikia mwaka tisini na saba makuli wetu walikuwa wanajulikana hadi Lushoto mjini. Na hapo ndipo ushenzi ulipoanza.

Tajiri mmoja wa kutoka Dar alikuwa akisimama mlangoni pa ghala akitusifu. Kumbe alikuwa anatupima kwa macho. Wakati wa ushirika viazi vilipimwa kwa mizani. Ushirika ulipokufa mizani ikaondoka nao, tajiri akawa ananunua kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, yaani linajazwa hadi mdomoni kisha linashonewa kichwa juu yake, na bado linahesabiwa gunia moja. Sasa akataka kichwa kiwe kirefu zaidi. Wakulima walipolalamika kwamba halitabebeka, aliwajibu kwamba Lukozi ina wanaume wa chuma. Nguvu tulizozipata kwa jasho letu alizigeuza akazifanya mali yake.

Na nani alishona hivyo vichwa? Sisi wenyewe. Mimi nilikanyaga viazi vyangu kwa miguu yote miwili ili viingie vingi, nikashona kwa sindano ya shazia, nikajiona fundi. Siku ya gulio zamu ya kubeba gunia langu ikawa ya Sharifu. Ubao wa kupandia lorini ulikuwa umelowa ukungu. Alifika katikati, mguu ukateleza, gunia likamwangukia kiunoni. Nilisikia mlio ambao sitausema hapa. Tajiri alikuja mbio, akauliza kama viazi vimepondeka.

Hospitali walisema Sharifu atatembea kwa fimbo, lakini mzigo hatabeba tena.

Kornelio alilifunga ghala. Alisema ametunenepesha kama mbuzi wa mtu mwingine, na kwamba ni heri tuwe dhaifu. Makuli wakaanza kutawanyika, kila mmoja anarudi kubeba peke yake na kuumia peke yake. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Nilimfuata kwake nikiwa na lile gunia, nimelirudisha kwa punda, halijapungua kiazi.

"Kornelio, unisamehe, lakini kujificha ndani si toba," nilimwambia, huku mkewe akisikia. "Fungua ghala. Tulipime."

Aliifunga ekseli katikati kwa kamba, akaitundika kwenye boriti. Upande mmoja tukaning'iniza gunia langu, upande wa pili tukaanza kuning'iniza saruji. Makuli walijaa mlangoni. Tuliweka kipande cha tano, cha kumi, cha kumi na tano. Vipande vyote vya jimu vikaisha, kilo mia na thelathini na sita, na gunia lilikuwa bado limegusa sakafu. Yule aliyeweza kunyanyua kilo tisini tulikuwa tukimpigia makofi.

Gulio lililofuata lori lilikuja kama kawaida. Kornelio, ambaye hakuwa kuli, aliinama akabeba lumbesa ya kwanza hatua mbili, akaiweka chini.

"Tajiri, mzigo huu hatupandishi," alisema.

Makuli wote wakashusha. Tajiri alicheka, akasema maskini hawatakwisha Lukozi, atapata wengine. Wakulima wenzangu, ndugu zangu wa damu, walitutukana kwa Kishambaa na kwa Kiswahili kwa sababu kabichi zingeoza. Wengine waliinua mawe. Basi nikachomoa kisu, nikakata kichwa cha gunia langu mwenyewe, viazi vikamwagika hadi miguuni mwa tajiri. Nilimwambia anunue kilichobaki au aondoke. Akaondoka na mzigo aliokuja nao kutoka vijiji vingine, lori nusu tupu. Kabichi zikaoza kweli, na zangu zikiwemo.

Wiki mbili baadaye alirudi na magunia yasiyo na vichwa. Sisemi tulishinda. Nasikia watu wa vijiji vingine bado anawashonesha vichwa, na Sharifu hakurudishiwa kiuno chake na mtu yeyote.

Kila asubuhi ya mazoezi Sharifu anakuja na fimbo yake, anakaa juu ya kreti la soda, anatuhesabia. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Maumivu yakimzidi anaacha kuhesabu. Hapo wote tunashusha, tunamngoja.